Msiziue lethi za zamani kwa sababu ya adapta iliyoganda

Mhariri,

Juzi jirani yangu hapa Tanga, fundi mwenzangu kabisa, amevunja meno manne ya bakigia (zile gia za kupunguza mwendo) ya lethi yake akijaribu kufungua adapta ya chaki iliyoganda, na kabla hata jua halijazama alishaanza kuulizia kilo ya chuma chakavu inaenda shilingi ngapi. Nilipoenda kumpa pole nikaikuta mashine imesukumwa ukutani imefunikwa gunia. Hii ni ya tatu naiona inakufa hivi hivi, kwa kosa lile lile, kwa hiyo naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kwa kirefu maana nadhani wako wengi wanaosoma gazeti lako ambao wana mashine kama hiyo nyuma ya duka au kwenye karakana ya shule na wameshaikatia tamaa.

Kwa msomaji ambaye si fundi, lethi ni ile mashine ya kukerezea chuma. Ukimwangalia muuza machungwa anavyomenya, chungwa linazunguka mkononi na kisu kimetulia, basi lethi ndo hivyo hivyo, chuma kinazunguka na kisu kinakimenya. Kile kinachobana chuma ni chaki (sio chaki ya ubaoni, hii ni ya chuma na ina meno matatu au manne), na chaki inakaa kwenye spindo, yaani ule mhimili mkuu unaozunguka. Sasa kati ya chaki na spindo kuna kipande cha duara, wengine wanaita bakpleti, sisi huku tunaita adapta tu. Kwenye mashine nyingi za zamani adapta hiyo inafungwa kwa thredi, inazungushwa kama kifuniko cha chupa mpaka ikae.

Tatizo linaanzia hapo. Thredi zimekatwa ili ukiwa unachonga, nguvu ya kisu izidi kuikaza adapta isije ikafunguka ikakurukia, na hilo ni jambo zuri, lakini maana yake ni kwamba kila siku unayofanya kazi unaikaza, na siku kisu kikikwama ghafla kwenye chuma inakazwa kwa kishindo, halafu ongeza kutu ya huku kwetu pwani, chumvi ya bahari inaingia mpaka ndani ya kabati, ongeza chenga za chuma zilizobaki kwenye thredi kwa sababu mtu hakufuta wakati anafunga, miaka ishirini ikipita hapo umeshapata kitu kimoja badala ya viwili.

Mimi yangu ni Boxford, imetengenezwa Halifax kule Uingereza, mashine ndogo tu ya mezani iliyofuata muundo wa South Bend ya inchi 9 ya Marekani. Boxford zilisambaa sana kwenye shule na vyuo vya ufundi, na yangu mimi niliinunua kwenye mnada wa shule moja ambayo karakana yake ilikuwa imegeuzwa stoo ya viti vibovu na bati lilikuwa linavuja juu ya mashine pale pale. Nililipa kwa uzito, yaani kwa bei ya chuma chakavu, jambo ambalo lilinifurahisha mfukoni na kuniuma moyoni kwa wakati mmoja, kwa sababu ile mashine ilikuwa haina ugonjwa wowote, reli zake, yaani zile njia ambazo kisu kinatembea juu yake, zilikuwa safi chini ya vumbi, gia zote nzima, beringi hazipigi kelele. Kilichoifanya iitwe mbovu ni kwamba chaki iliyokuwa imefungwa ilikuwa imevunjika jino moja na hakuna aliyeweza kuitoa. Basi. Mashine nzima ikahukumiwa kwa ajili ya chaki.

Nilipoifikisha kwangu kijana wangu, ambaye ana bidii sana, akaniambia fundi niachie hii nitaitoa leo leo. Nikageuka kuongea na mteja, kurudi nakuta ameshachomeka ile pini inayounganisha puli na gia kubwa, na bakigia nayo ameshaiingiza, spindo imefungwa haizunguki tena, na ameshika bomba la mita moja anatafuta pa kulitia. Nilimshika mkono. Sikumgombeza kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyofundishwa mara ya kwanza, na karibu kila fundi niliyemuuliza anafanya hivyo, lakini naomba kila mwenye lethi asome hapa taratibu: ukifunga spindo kwa njia hiyo halafu ukavuta bomba, nguvu yako yote inaenda kutua kwenye jino moja au mawili ya gia ya chuma cha kasti. Chuma cha kasti hakipindi, kinakatika. Gia zile zimetengenezwa kuzunguka na kugawana mzigo, hazikutengenezwa kushikilia mlango. Na gia ya mashine ya miaka ya hamsini au sitini huendi kuikuta dukani Kariakoo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hiyo, usifunge spindo kwa gia.

Na kabla ya hiyo kuna nyingine ambayo nadhani ni muhimu zaidi, uhakikishe kwanza kama hicho kitu kweli kinafunguka kwa kuzungusha. Maana si lethi zote zina thredi. Ziko ambazo nyuma ya chaki utaona pete kubwa ya kukaza yenye matobo, hiyo spindo yake imechongoka kama koni ndefu na chaki inavutwa ikae kwa ile pete, unatakiwa kuzungusha pete kwa spana ya ndoano na pete yenyewe ndiyo inasukuma chaki itoke, ukiizungusha chaki utashinda hapo mpaka Idi. Ziko pia za kamloki, hizi ni za baadaye kidogo kama Harrison M300, pembeni ya spindo utaona vitobo vya mraba vya kuingiza ki, yaani ufunguo wake, unazungusha kila kimoja mpaka alama zikutane, unagonga chaki kidogo kwa nyundo ya mpira inaachia. Nimeona kwa macho yangu chaki ya kamloki inapigwa na nyundo kubwa watu wanaoitafutia thredi ambayo haipo. Hata kwenye ile yenye thredi, piga brashi ya waya kwanza usafishe rangi yote nyuma ya adapta, kwa sababu wako waliokuwa wanaweka skrubu ndogo ya kuzuia na ikapakwa rangi juu mpaka haionekani, sasa wewe unapigana na adapta kumbe skrubu imeishika.

Haya, yangu ilikuwa ya thredi, inchi moja na nusu, meno nane kwa inchi, na skrubu ya kuzuia haikuwepo.

Nilichofanya kwanza ni kutoa chaki yenyewe kwenye adapta. Watu wengi hawafikirii hilo. Chaki na adapta ni vitu viwili vimeshikana kwa bolti, zangu zilikuwa tatu, nilizilainisha nikazifungua chaki ikatoka nikabaki na adapta peke yake. Faida yake unapata pa kumwagia mafuta kwa mbele na kwa nyuma, unaondoa uzito, na unapata matobo ya bolti ambayo baadae yatakusaidia kuliko kitu kingine chochote.

Halafu mafuta. Mi natumia mchanganyiko wa nusu mafuta ya gia boksi ya otomatiki na nusu asetoni, ile wanayouza kwa watu wa rangi za magari, unatikisa kwenye chupa kila mara kabla ya kutumia maana havikai pamoja vinajitenga. Unadondosha pale adapta inapokutana na bega la spindo, na mbele kwenye mwisho wa thredi. Asubuhi na jioni, kila siku. Ukidondosha unagonga adapta kuizunguka kwa nyundo ya shaba, sio kwa hasira, kugonga tu ili iteteme, maana ule mtetemo ndio unaovuta mafuta yapite kwenye kutu. Asetoni inashika moto kirahisi sana, usiiweke karibu na welding wala sigara, na ukitaka kutumia moto baadae iache ikauke kabisa na ufute.

Siku tisa nilifanya hivyo. Wateja wanakuja wananiuliza fundi mashine mpya vipi, nawaambia bado inakunywa dawa.

Siku ya kumi nikatengeneza wenzo. Nilichukua pleti ya chuma nene kama nusu inchi, urefu karibu mita moja, nikatoboa matobo mawili yanayolingana na matobo ya adapta nikaifunga kwa bolti, ikawa imetokeza upande mmoja kama mkono. Sasa spindo inabidi ishikwe na kitu, na gia tumeshasema hapana. Spindo ya Boxford ina tundu linalopita kote mpaka nyuma, kwa hiyo nilichonga kipande cha bomba kinachoingia kwa nyuma kwa kubana, nikakipasua kwa msumeno mipasuo minne, nikatia koni ndani na bolti ndefu ya kuivuta, ukikaza bolti bomba linatanuka linashika ukuta wa tundu la spindo kwa ndani pande zote sawasawa. Nje nikalichomea mkono unaoegemea ubao mgumu wa mninga juu ya meza. Nguvu inaenda kwenye spindo yenyewe ambayo ni chuma kinene, hakuna gia inayoguswa, hata mkanda niliuvua. Kazi ya kutengeneza kile kifaa ilinichukua siku nzima na nililazimika kwenda kuazima lethi ya mtu, lakini ninacho mpaka leo na nimeshakiazimisha mara mbili.

Na hapa kuna jambo moja la mikono ambalo ni gumu kulieleza kwenye karatasi. Ukiwa na wenzo mrefu unatamani kuning'inia, kuvuta kwa uzito wa mwili pole pole mpaka iachie. Usivute. Piga. Mpe mtu mwingine ashike, halafu wewe piga ncha ya pleti kwa nyundo ya ratili nne, pigo moja kavu, halafu tulia, halafu lingine. Kuvuta kunapinda vitu, pigo la ghafla ndilo linalokata kutu.

Ya kwangu haikutoka. Nilipiga nikachoka, kijana akapiga akachoka.

Ndipo nikaingia kwenye moto. Moto ni dawa lakini unataka akili. Lengo ni kuipasha adapta peke yake itanuke, huku spindo ikibaki baridi. Hesabu yake ni ndogo, tundu la inchi moja na nusu ukilipandisha joto kwa digrii kama 100 linatanuka kama 0.04 ya milimita tu, chini ya unene wa unywele, lakini kwenye thredi hiyo nafasi ni kubwa. Nilitia kitambaa kilicholowa maji ya barafu ndani ya tundu la spindo, nikakizungushia kingine nyuma ya bega kulinda beringi na grisi yake, halafu kwa moto laini wa gesi nikawa naizunguka adapta kwa nje bila kusimama sehemu moja, kwa sababu chuma cha kasti ukikipasha upande mmoja kinapasuka. Kipimo changu ni cha zamani, unadondosha tone la maji, likichemka likarukaruka hapo inatosha, usisubiri chuma kibadilike rangi, ukiona rangi umeshaharibu. Moto ukatoka, kijana akashika, nikapiga.

Pigo la kwanza hakuna. La pili nikasikia sauti, sio ya kugonga, ni kama mti mkavu unaokatika, nikadhani nimevunja kitu na moyo ukanienda mbio kweli. Nikaangalia alama ya chaki, hii sasa ya ubaoni, niliyokuwa nimechora kwenye adapta na kwenye bega zikiwa pamoja, zimeachana kama upana wa kidole. Mhariri, niliketi chini pale pale. Mashine ambayo shule nzima iliitupa ilikuwa imefunguka.

Nikamwachia kijana amalizie kuizungusha kwa mkono. Thredi za spindo zilikuwa nzima, zina kutu ya juu juu tu, tulizisafisha kwa brashi ya waya ya shaba.

Nimeeleza yangu kwa urefu lakini najua kuna ambazo hata hivyo hazitatoka, na kwa hizo bado hakuna sababu ya kuvunja gia. Adapta ni kipande cha kasti ambacho fundi yeyote anaweza kuchonga kingine, spindo ndiyo mali. Kwa hiyo itoe sadaka adapta. Na uzuri wa lethi ni kwamba inaweza kujikata pingu yenyewe: adapta bado iko kwenye spindo, mashine inazunguka, weka kisu uimenye kwa nje pole pole, spindo ya milimita 38 basi unashuka mpaka ubaki na pete ya kama milimita 41, nyembamba kabisa. Wala kukaza hakukusumbui tena kwa sababu adapta yenyewe huifungui tena, unaipasua. Ukifika hapo zima umeme, kata mfereji kwa msumeno bila kufika kwenye thredi, weka tindo, piga mara moja, pete inapasuka unaiokota. Jirani yangu angeweza kufanya hivi ndani ya saa mbili na bakigia yake ingekuwa na meno yote leo.

Kuna ile njia nyingine ya kuweka gogo la mbao nyuma ya reli halafu unarudisha chaki kinyume ili jino lake ligonge gogo. Inafanya kazi, lakini uvute mkanda kwa mkono, kwa mkono tu. Wapo wanaowasha mota ya kurudi nyuma, chaki inafunguka yote kwa kasi inaanguka kwenye reli au kwenye vidole vya mtu, na chaki ya inchi sita ni zito la kutosha kukata kidole.

Na ukishafungua usirudishe kavu. Futa thredi za pande zote mbili kwa kitambaa, tone la mafuta mepesi, zungusha kwa mkono mpaka iguse bega kwa upole, usiibamize, usiifunge kwa nguvu ya mota. Na kama mashine itakaa bila kazi miezi, toa chaki iweke kwenye kabati. Hiyo moja tu ingeiokoa ile ya shuleni.

Sasa nirudi kwenye kilichonifanya niandike. Gazeti lako huandika mara kwa mara habari za viwanda na sisi wa chini tunazisoma. Nchi hii tuliwahi kuelewa kwamba lethi ndiyo mama wa mashine zote, ndio maana kule Hai mkoani Kilimanjaro tukajengewa kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kwa msaada wa Bulgaria, ndio maana karakana za Mang'ula zilikuja na reli ya TAZARA. Lakini huku mitaani mashine za kukereza zilizoko tayari, zilizokwishalipiwa miaka mingi, zinaondoka kwa kilo kwenye Kirikuu za chuma chakavu kwa sababu hakuna aliyeweza kufungua kipande kimoja cha duara. Hapa Tanga hizi lethi ndizo zinazochonga bushi za korona, yaani mashine za kusindika majani ya mkonge, kwenye mashamba ya mkonge, shafti za boti za wavuvi wa Sahare, puli za mashine za kusaga kule vijijini. Mwenye mashine ya kusaga akikatika shafti haagizi Uingereza, anakuja na vipande viwili kwenye mfuko wa sandarusi anasema fundi nisaidie, watu wanasubiri unga.

Ombi langu kwa walimu wa VETA na wa shule za ufundi ni kwamba somo hili la kufungua kilichoganda lifundishwe kwa mikono, sio kwa maelezo ya mstari mmoja, wapeni vijana adapta yenye kutu wahangaike nayo wiki mbili. Na ombi langu kwa wakuu wa shule wenye karakana zilizofungwa, kabla ya kumwita dalali wa mnada tafuteni kwanza fundi wa kuchonga wa mjini kwenu aje aiangalie, wengi wetu tutakuja bure kwa sababu tunazipenda.

Jirani yangu nimemwomba asiuze. Ile gia yake ameniletea, nimesawazisha pale meno yalipokatika, nimetoboa na kutia pini za chuma zenye thredi kwenye kila jino, nikajaza shaba ya kuchomelea, sasa nafaili meno kwa mkono nikilinganisha na mazima ya upande wa pili. Mawili yameshakamilika, yanaingia vizuri kwenye gia mwenzie bila kukwama. Yamebaki mawili.

Wako,
Fundi wa kuchonga,
Tanga